Nani atapokea simu ya moto Kidete?

Mshauri,

Mimi ni mama wa makamo, nina fremu mbili karibu na stesheni ya reli hapa Kidete, wilaya ya Kilosa. Moja nauza vyakula na vitu vya nyumbani, ya pili nimempangisha fundi cherehani. Kiangazi kilichopita kibanda cha jirani yetu anayeuza petroli ya bodaboda kwenye chupa kiliungua usiku. Tulitoka na ndoo, tukatupa mchanga, tukabomoa banda la mabati lililokuwa katikati ili moto usiruke kuja kwenye fremu. Kila mtu alikuwa na simu mkononi na hakuna aliyejua apige wapi. Namshukuru Mungu hakufa mtu.

Kijana wangu amehamia Marekani, amenunua nyumba Texas. Nilipomsimulia akaniambia mji wao umepewa daraja la 3 la zimamoto, na kwa ajili hiyo bima ya nyumba yake ni nafuu. Mimi nikaenda kwa wakala wa bima Morogoro. Akaniuliza kituo cha zimamoto kiko umbali gani, nikamwambia hapa kwetu hakipo. Akanitajia ada iliyonishtua.

Wafanyabiashara wa hapa tumechanga fedha. Wengine wanataka pampu ya injini, wengine king'ora, wengine kila mtu anunuliwe mtungi wake wa kuzimia moto. Tumefika mahali hatusalimiani. Nauliza: Kidete ina daraja la ngapi? Nani anatoa hilo daraja? Na fedha yetu tununue nini?

Mama wa Stesheni, Kidete

*

Mama, pole sana kwa usiku ule. Kubomoa lile banda kulikuwa uamuzi wa watu wenye akili. Moto ukikosa cha kushika husimama, na nyinyi mlilijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Kidete haina daraja. Hata Kilosa mjini haina, wala Morogoro, wala Dar es Salaam. Hapa Tanzania hatuna chombo kinachozunguka mji kwa mji kikipima zimamoto na kutoa namba ambayo kampuni za bima zinaifuata. Kampuni humwangalia mteja mmojammoja: ukuta wa tofali au wa mbao, bidhaa zilizomo, waya za umeme, jirani anafanya biashara gani, mitungi ipo au haipo, msaada uko wapi. Kwa hiyo wakala hakukuonea alipokuuliza umbali. Alikuwa anakupima kwa jicho lake, kwa sababu hakuna aliyempimia.

Kule kwa kijana wako anayepima ni taasisi iitwayo ISO, iliyo chini ya kampuni ya Verisk. Hii haihusiani na ile ISO ya viwango vya ubora yenye makao yake Geneva. Madaraja yake ni kumi: la 1 ndilo bora, la 10 maana yake kinga haitambuliki. Nakueleza namna wanavyopima kwa sababu kipimo chenyewe kitawasaidia kumaliza ugomvi wenu wa fedha, ingawa hakuna mtu atakayekuja Kidete kukitumia.

Wanaanza na pointi 100. Kikosi cha zimamoto kina 50, maji yana 40, mawasiliano ya dharura yana 10. Juu ya hizo kuna 5.5 za nyongeza kwa kazi ya kuzuia moto usitokee, yaani ukaguzi wa majengo, elimu kwa raia na uchunguzi wa chanzo cha moto. Mji wa kijana wako, kwa kuwa na daraja la 3, umepata pointi kati ya 70 na 80. Lakini kuna sharti linalotangulia hesabu yote. Nyumba iliyo zaidi ya maili 5 za barabara kutoka kituoni, yaani kilomita 8, kwa kawaida huwekwa daraja la 10 hata kama mji wenyewe una sifa nzuri. Kwa kipimo hicho Kidete ni la 10, pamoja na vijiji vingi vya Tanzania.

Usivunjike moyo. Ingia ndani ya zile 50 za kikosi uone zimegawanywaje. Magari ya mstari wa mbele yana pointi 6. Nguvu ya pampu ina 3. Idadi ya askari wanaofika kwenye moto ina 15, na mafunzo yao yana 9. Weka hesabu yako mezani mbele ya wenzako: watu na mafunzo 24, magari na pampu 9. Waliotunga kipimo hiki ni watu wa bima, hawana sababu ya kumpendelea askari kuliko mashine. Wamejifunza kwa hasara walizolipa kwamba pampu isiyo na watu wanaoijua haizimi kitu.

Upande wa maji ni hivyohivyo. Aina ya bomba la zimamoto na lilivyofungwa vina pointi 3, lakini kulikagua na kulipima mara kwa mara kuna 7. Hapa nchini utaona bomba jekundu limefunikwa na lami, au mtu amejenga kibanda juu yake. Lipo, lakini siku ya moto halina faida.

Sasa pampu yenu. Ili mahali patoke kwenye madaraja ya chini kabisa, ISO inataka maji yasiyopungua galoni 250 za Kimarekani kila dakika kwa saa mbili mfululizo. Hizo ni karibu lita 950 kwa dakika. Jumla yake kwa saa mbili ni lita 113,000 na zaidi, yaani simtanki 23 za lita 5,000. Pampu ndogo ya injini haihitaji maji mengi kiasi hicho, ila inahitaji maji. Kiangazi, saa nane usiku, mtayatoa wapi? Kama jibu ni mtoni, pimeni kwa miguu mpira wa mita ngapi utatoka mtoni hadi kwenye fremu, halafu muulize bei ya mpira huo. Mara nyingi mpira unakula fedha nyingi kuliko pampu, na hilo hugundulika baada ya pampu kununuliwa.

Kuna kisa ambacho watu wa zimamoto duniani kote hukisoma. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliungua kwa muda unaokaribia saa 30. Vikosi vilikuja kuusaidia kutoka Washington, Philadelphia na New York, vingine vikiletwa na treni. Walipofika, mipira mingi haikuingia kwenye mabomba ya Baltimore, kwa sababu kila mji ulikuwa na kiungio cha saizi yake. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Nyinyi mnaishi kwenye Reli ya Kati, mnajua msaada kuja kwa treni maana yake nini, na mnajua pia ilivyokuwa mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalipoing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Basi siku mkinunua pampu, muwe kwanza mmewauliza Jeshi la Zimamoto na Uokoaji viungio wanavyotumia, ili gari lao likifika liweze kuunga kwenye maji yenu. Lakini si kwa fedha hii ya kwanza. Pampu isubiri.

Nije kwenye zile pointi 10 za mawasiliano, kwa sababu ndizo zilizowaumiza usiku ule. Zinaonekana chache. Humo wanaangalia simu ya mwananchi inafikaje kwenye chumba cha dharura, wapokeaji wako wangapi, na taarifa inawafikiaje askari. Simu tisa kati ya kumi, angalau, zinatakiwa ziwe zimepokelewa ndani ya sekunde 15. Kila kitu kingine kwenye kipimo kinaanza baada ya simu hiyo. Gari zuri likiwa kituoni na askari wamelala, na hakuna aliyepiga, pointi zake 50 hazina kazi.

Namba ya zimamoto Tanzania ni 114, na kuipiga ni bure. Nakuomba uiandike kwa rangi kwenye mlango wa kila fremu, ndani na nje, na pale mashineni, zahanati, shuleni na stesheni. Msiitegemee kwenye simu ya mtu mmoja. Msiseme pia kwamba hakuna haja ya kupiga kwa sababu wako mbali. Moto wa petroli unaweza kwisha kabla hawajafika, ni kweli. Lakini moto wa ghala au wa nyika unaweza kwenda usiku kucha, na askari anaweza kuwaelekeza kwa simu la kufanya. Tena tukio lisiloripotiwa halihesabiwi, na kijiji kisichohesabiwa hakipangiwi gari.

Mkipiga, kuna jambo moja la hapo kwenu linalonitia wasiwasi. Mkoa wa Morogoro una Kidete, una Kidodi, una Kidatu. Mbili za kwanza ziko wilaya moja ya Kilosa, ya tatu iko Kilombero. Mtu anayepiga huku watu wanapiga kelele na upepo unavuma atasema "Kidete", na mpokeaji ambaye hajawahi kufika huko anaweza kusikia "Kidatu". Gari likielekezwa Kidatu limepotea usiku mzima. Kwa hiyo fundisheni watu, watoto wakiwemo, kusema kwa mpangilio huu: mkoa wa Morogoro, wilaya ya Kilosa, kata ya Kidete, kijiji na kitongoji, penye stesheni ya reli. Kisha kinachoungua ni nini, kuna watu ndani au hakuna, na barabara inapitika au imekatika. Mpigaji asikate simu mpaka aambiwe akate. Kama nyumba zenu zilipata namba na mitaa kupata majina katika operesheni ya anwani za makazi iliyoanza mwaka 2022, ziandikeni karibu na 114. Kibao cha anwani si pambo.

Baada ya kupiga 114, nani anaamsha kijiji? Hapo wale wanaotaka king'ora wana hoja, ila cha bei ghali hakihitajiki. Kipande cha reli kilichotundikwa na nyundo yake kinasikika mbali, na hakihitaji umeme wala betri. Kubalianeni mlio wa moto uwe wake peke yake, usifanane na wa msiba wala wa mkutano. Halafu kila kitongoji kiwe na watu wawili ambao simu zao hazizimwi usiku, na wenye pikipiki na magari ya mizigo wajulikane kwa majina na namba.

Utaratibu wa namna hii tunao tayari nchini, kwa jambo jingine. Mama mjamzito akipata dharura hupigiwa simu 115 ya m-mama, mpokeaji akaona gari la wagonjwa liko wapi, na kama liko mbali anampigia dereva wa kawaida wa jamii aliyesajiliwa, anayelipwa kwa kazi hiyo. Mpango huo ulianzia Kanda ya Ziwa, na kuanzia 2022 ukasambazwa mikoani. Nauheshimu sana kwa sababu haukusubiri kila kijiji kiwe na gari la wagonjwa. Ulianza na swali la nani anapokea simu na nani yuko karibu. Ningependa kuona Jeshi la Zimamoto likijengewa uwezo wa kufanya hivyo: mpokeaji wa 114 awe na orodha ya watu waliofunzwa katika kila kata, ili akipokea simu ya Kidete ampigie mtu wa Kidete papo hapo huku gari likiwashwa. Sioni kwa nini wizara mbili za serikali moja zisifundishane.

Kuhusu mitungi, nakubaliana na wale wanaoitaka, kwa masharti. Msinunue mtungi kwa kila mtu kwanza. Nunueni michache ya poda kavu ya kilo 6, iwekwe mahali ambapo hakuna fremu iliyo mbali nayo, karibu na mlango na si nyuma ya magunia. Mshale wake uwe kwenye kijani, na mtu mmoja awe na kazi ya kuukagua kila mwezi na kuandika tarehe. Kisha muwaite askari wa Jeshi waje kuwafundisha, kila mtu aushike: kuvuta pini, kuelekeza mpira kwenye shina la moto na si kwenye ndimi zake, kubana, kutembeza kushoto na kulia. Poda ya mtungi mmoja huisha ndani ya sekunde chache. Asiyewahi kuushika huimaliza hewani.

Wekeni pia mapipa ya mchanga mkavu. Kwa petroli mchanga ndio wenu, maji huisambaza. Kwa umeme zimeni swichi kuu kabla ya mtu kugusa ndoo. Na simtanki moja ijazwe na kutengwa kwa moto tu, kwa makubaliano na kamati yenu ya maji, iwe na koki pana inayojaza ndoo haraka.

Jirani yako wa petroli namtaja kwa upole, kwa kuwa najua bodaboda wa Kidete hana pengine pa kujaza. Lakini mkoa wetu una kaburi la jambo hili. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro mjini, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Msamvu haiko porini, iko ndani ya mji wenye zimamoto na hospitali ya mkoa. Ukaribu wa kituo haukuwaokoa. Petroli ya jirani yako isiwe kwenye chupa za maji zilizopangwa mezani, isilale ndani ya fremu inayoshikana na nyingine, na jiko la mkaa lisiwe jirani nayo. Akitaka kuifanya kazi hiyo kihalali, EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta, inatoa leseni kwa vituo vidogo vya vijijini, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukiwakopesha wanaotaka kuvijenga. Mwende naye kuuliza, msimfukuze.

Usisahau shule. Agosti 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, Iringa, liliungua usiku na wanafunzi 12 wakafa. Mshumaa ulitajwa kuwa chanzo. Popote watoto wanapolala pamoja katani kwenu, nendeni mkaangalie milango inafungukia nje, madirisha hayana nondo zisizofunguka, na funguo haziko kwa mtu anayelala mbali. Kazi hiyo haihitaji shilingi ya mchango wenu.

Sasa bima yako. Ikate, hata kama ada inauma, ila jadiliana. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliingiza majengo ya biashara na masoko ya umma kwenye orodha ya vitu vya lazima kukatiwa bima, kwa hiyo muulize wakala hilo linakuhusu vipi wewe mwenye fremu. Baada ya kuweka mitungi, mchanga, tangi na mafunzo, piga picha, chukua barua ya Jeshi inayoonyesha kwamba mlifunzwa au mlikaguliwa, rudi kwake uombe ada iangaliwe upya. Mkienda wafanyabiashara wote pamoja mna sauti kubwa kuliko mmoja. Nenda kampuni zaidi ya moja. Anayekwambia kwamba ada ya Kidete haijadiliki kwa sababu Kidete ni mbali, muulize atapunguza kwa lipi.

Taja thamani kamili ya mali. Ukiwa na bidhaa za milioni kumi ukakatia bima milioni tano ili ada ishuke, siku duka likiungua nusu, watakulipa nusu ya hasara tu, na wana haki hiyo kwa mkataba. Hakikisha bima yako imesajiliwa katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, siku hiyohiyo unayolipa, na usome masharti kuhusu mitungi, kwa kuwa ukiahidi unao na siku ya tukio haupo, madai yako yana hatari ya kukataliwa. Stakabadhi na daftari la bidhaa weka nakala nyumbani kwa ndugu, au zipige picha umtumie kijana wako. Ukidhulumiwa, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Limebaki la kituo. Tangu Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Namba 14 ya mwaka 2007, kazi hii ni ya Jeshi la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, haiko tena kwa halmashauri kama zamani. Halmashauri lakini inaweza kutenga ardhi, kutengeneza barabara na kuomba. Andikeni barua kwa kamanda wa mkoa, nakala kwa diwani na mkurugenzi wa Kilosa, mkieleza tarehe ya moto ule, hasara yake, na mambo mliyokwisha kuyafanya wenyewe. Ombeni mambo matatu yanayojibika: mafunzo mwaka huu, ukaguzi wa eneo la stesheni, na jibu la maandishi kuhusu gari litakalotumwa mkipiga 114 linatoka wapi na linatumia muda gani masika na kiangazi. Jibu hilo likibandikwa ofisi ya kijiji, mtakuwa mnajua wanachokijua watu wa Texas kwa namba yao.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwombe mtendaji aiweke ajenda hii kwenye mkutano ujao, uamuzi wa fedha ufanywe hapo mbele ya wote, uandikwe kwenye muhtasari na usomwe kabla watu hawajaondoka.